Beberu Wetu Hakunywa Pombe

Mpendwa Apa Tasneem, dada yetu mkubwa na mshauri wetu wa Alhamisi, naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naomba jina langu usilisome hewani, kwa sababu mama yangu hukusikiliza kila wiki akikanda unga wa chapati, redio yake iko juu ya kabati karibu na kopo la samli, na kipindi chako hajakikosa hata wiki ile tulipokuwa na msiba wa bibi.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa hapahapa Gujranwala, fundi wa kusuka mota za feni, nina mke na mabinti wawili, na nyumba yetu ni nyumba ya mieleka, yaani ukiniona barabarani utajua bila kuambiwa. Baba alikuwa pehlwan, mpiga mieleka wa kutajwa. Wazee wa rika lake mpaka leo wakimwona hujipiga mapaja kwa mzaha kama wanataka kuingia naye kwenye udongo wa mieleka, na yeye alikuwa akiwajibu kwa kumnyanyua mmoja wao juu hadharani na kumweka chini taratibu. Mimi nami nilipigana mpaka goti liliponigomea, na siku niliyoacha kupigana sikuacha kula, kama Baba naye alivyofanya miaka mingi kabla yangu, kwa sababu uwanja wa udongo ni rahisi kuuacha lakini maziwa ya alfajiri ya nyati wa kufugwa na lozi za kusagwa na makongoro ya Ijumaa na samli inayoelea juu ya dengu, hivyo vimo ndani ya jina lenyewe, na kwetu mtu akisukuma sahani kabla haijaisha huulizwa kama kuna aliyekufa.

Sasa Baba ana saratani ya ini.

Nimeliandika neno hilo haraka ili lisinishinde. Alianza kuchoka, miguu ikavimba, tukasema ni umri, tukasema ni sukari maana sukari anayo siku nyingi, mwisho tukampeleka Lahore kwa Daktari Mehreen, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akampiga picha ya tumbo na vipimo vingine akatuambia ini la Baba limejaa makovu na katikati ya makovu kuna uvimbe mmoja, bado mdogo. Akamwuliza kama anakunywa pombe. Apa, baba yangu hata dawa ya kikohozi humwuliza muuza duka kama ina kileo. Akampima zile homa za ini ambazo hapa Punjab zimemaliza watu, hana hata moja. Basi daktari akavua miwani akasema kwamba ni mafuta, ini lilijaa mafuta kwa miaka, likaumia polepole, likapata makovu, na sasa limezaa hili.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza, na mpaka leo haujatulia, maana kichwani mwangu mafuta ni nguvu, samli ndiyo iliyomnyanyua Baba na Baba ndiye aliyewanyanyua wengine, sasa inakuwaje kitu kilekile kimrudie kwa njia hii? Nikiwa ndani ya basi tunarudi nikamkumbuka Nawab.

Nawab alikuwa beberu wetu wa Idi ya kuchinja, mwaka juzi. Tulimnunua mdogo, Mama akamlea uani kama mtoto wake wa mwisho, akamlisha dengu zilizolowekwa, maziwa, samli kwa kijiko ili manyoya yang'ae, na lozi, Apa, zilezile lozi tunazokula sisi, na kutembea hatembei, amefungwa chini ya ngazi amevishwa shanga, watoto wa mtaa mzima wanakuja kupiga naye picha. Alinenepa mpaka ngazi mbili za mlangoni zikamshinda. Asubuhi ya Idi Baba alimchinja na kumchuna mwenyewe, na kwa kuwa maini ndiyo yanayotangulia sufuriani, akaniita nishike sinia. Ini la Nawab halikuwa na rangi ya ini. Lilikuwa la njano iliyopauka, laini, ukilibonyeza kidole kinaacha shimo, na kisu kilipopita kilitoka kimepakwa mafuta. Baba akacheka, akasema hii ndiyo neema yenyewe, ini linalojikaanga bila samli, tukalikaanga, tukalila, tukamsifu Mama kwa malezi.

Tangu siku ile ya basi nimekuwa mtu wa ajabu kidogo. Nimekwenda kwenye mabucha matatu ya sokoni nikaomba kushika maini, ya mbuzi wa malishoni na ya wale wa kufugwa uani, nikilinganisha, mpaka mwenye bucha mmoja akaniuliza, "Pehlwan, unanunua au unapapasa?" Nikioga najibonyeza chini ya mbavu. Mke wangu alinikuta nafanya hivyo akauliza kama nimepoteza kitu.

Baba mdogo Yaqub alikuja kumwona mgonjwa, akakaa, akanywa chai, akamsogelea sikioni akamwuliza kwa upole kama zamani, katika safari zile za mashindano, hakuwahi kuonja kidogo, maana ini haliozi bure na mlango wa toba uko wazi. Alidhani anamsaidia. Mimi ndiye niliyesema kutoka mlangoni kwamba beberu wetu hakunywa pombe na ini lake ulilila, Baba mdogo, ukaomba uongezewe. Wakanitazama kama nimepagawa. Alipoondoka, Baba akajifunika shuka mpaka kichwani, nikamwona mabega yanatikisika, na kutoka ndani ya shuka akaniambia, "Nimeangushwa mara moja tu maishani, na aliyeniangusha nilimwona uso. Huyu hata simjui kapitia wapi."

Apa, maneno hayo yalinikata maini. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Daktari Mehreen alisema kwa kuwa uvimbe ni mmoja na ni mdogo, Baba anaweza kupandikizwa ini, ndugu wa damu anakatwa kipande anapewa mgonjwa, na vipande vyote viwili hukua tena. Ukoo wote ukakusanyika kwetu Jumapili, na kabla mtu mwingine hajafungua mdomo nikasimama katikati, nikajipiga paja kama tunavyofanya tukiingia kwenye udongo, nikasema ini langu ni la Baba. Watu walilia. Mama alinibusu mikono. Mdogo wangu wa kike, nitamwita Munazza ingawa si jina lake, ambaye ni mwalimu, mwembamba, huenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, naye alisimama akasema yuko tayari na damu yake ni sawa na ya Baba, lakini Baba akamwambia aketi, kwamba mikono ya baba haipokei kitu kwa binti, kwetu baba hata maji hanywi nyumbani kwa binti sembuse ini, na tena harusi yake iko karibu na wakwe hawatampenda mwenye kovu tumboni. Munazza akaketi. Na mimi, Apa, nilifurahi kidogo, kwa sababu nilitaka niwe mimi.

Nikaenda kupimwa peke yangu. Daktari Mehreen aliitazama picha yangu kwa muda, kisha akaniuliza kama nakunywa, nikasema sinywi, akasema alijua, kisha akanigeuzia kioo cha mashine nione. Ini langu lote limeng'aa jeupe kwa mafuta. Akaniambia, "Hili siwezi kulichukua. Kwa baba yako halitaanza kazi vizuri, na kipande kitakachobaki kwako hakitakutosha." Nikamwuliza kama na mimi nina ugonjwa wa Baba. Akasema nina mwanzo wake. Lakini akasema pia kwamba mafuta peke yake hupungua, bado sina makovu, nikiacha samli na vitu vitamu, nikitembea kila siku, uzito ukashuka, nirudi baada ya wiki kadhaa atanipima tena, na wakati huo wao watajaribu kuuzuia uvimbe wa Baba usikue. Akasisitiza kwamba kama kuna ndugu mwingine, aje naye.

Nilirudi nyumbani nikasema foleni ya hospitali ni ndefu, tumeambiwa tusubiri.

Hilo ndilo nililokuja kuungama kwako. Nilishindwa kusema kwamba mimi niliyejipiga paja nimekataliwa, nilimwogopa Baba mdogo Yaqub na swali lake la sikioni, na nilimwogopa Baba zaidi, maana akijua ini langu nalo limeshika njia ileile atasema hataki, nibaki nalo nijitibu. Basi Mama, akiwa hajui chochote, akaamua kwamba mtu anayekwenda kugawa ini lake lazima kwanza alijaze. Ananipikia panjiri, Apa, ule unga uliokaangwa kwa samli na lozi na sukari ambao hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua, sufuria nzima, bakuli asubuhi na bakuli jioni, na chapati za samli, na maziwa yenye utando, na anasimama juu yangu mpaka niimalize. Mke wangu anacheka kwamba yeye amejifungua mara mbili na hakuona hata nusu ya sufuria hiyo. Baba naye hujikongoja mpaka mezani ili tu anione ninakula, na anapoona bakuli limebaki tupu uso wake unatulia, ndicho kitu pekee siku hizi kinachomtuliza. Nikijaribu kukataa Mama macho yanamjaa machozi, anasema, "Kula, mwanangu, unakula kwa ajili ya baba yako." Ninakula. Uzito umeongezeka.

Sasa nauliza, na yote nayauliza kwa pamoja kwa sababu sijui lipi linatangulia: mafuta yanageukaje saratani, mbona ni vitu viwili visivyofanana? Je, kila mwenye mafuta ataishia hapo, maana kama ni hivyo mtaa wetu mzima ni marehemu? Nimwambie Baba au nisimwambie? Nimkataliaje Mama? Au niende mahali mbali nikajinyime chakula kwa siri, nirudi mwembamba, kisha mambo yaendelee kana kwamba sikuwahi kukataliwa?

Ni mimi, mwana wa pehlwan, Gujranwala.

JIBU LA APA TASNEEM

Mdogo wangu, acha kwanza nikucheke kidogo, halafu nitakuhurumia. Umeficha jina lako, umeficha la baba yako, umempa dada yako jina la kubuni, kisha ukaliandika wazi jina la beberu. Beberu aliyevishwa shanga, aliyepigwa picha na watoto wa mtaa mzima. Hapo mjini kwenu sasa hivi kuna watu wamenyamaza kimya wakimkumbuka Nawab. Nitarudi kwenye jambo hilo, usidhani limenipita.

Maswali yako ni ya mtu mwenye akili, na kabla ya kuyajibu nilimwuliza daktari wa ini ninayemwamini, maana mimi najua ndoa na mirathi, ini silijui. Wewe ni fundi wa kusuka mota za feni. Mota ikiungua unaisuka upya, na ukiisuka kwa utulivu inazunguka. Sasa niambie, mota ileile ikiletwa imeungua kila wiki, mwaka hadi mwaka, unaisuka na kuisuka, je, hakuna siku utakosea mzunguko? Ini nalo hujisuka lenyewe. Mafuta yakilijaa kupita kiasi, kwa baadhi ya watu huanza kuliumiza, linawaka ndani kwa ndani bila maumivu, linajitengeneza, linaumia tena, linajitengeneza tena, na kila jeraha huacha kovu. Katika kujitengeneza huko kwa miaka na miaka, siku moja chembe hai moja ya ini hukosewa, ikakua bila kumtii mtu. Hiyo ndiyo saratani. Hakuna mafuta yaliyogeuka kitu kingine. Ni ini lililochoka kujirekebisha. Na sukari ya baba yako ilikuwa ikichochea moto huo kwa upande wake.

Kwa hiyo aliyemwangusha baba yako alipitia mlangoni, mchana kweupe, akakaribishwa na kuandaliwa sahani. Mwambie hivyo, kwa sababu mtu aliyezoea kumtazama mpinzani usoni anastahili kumwona.

Mtaa wenu si marehemu. Wengi wenye mafuta kwenye ini hawatapata saratani maishani mwao. Wachache huingia kwenye makovu, na kwa hao wachache ndipo hatari hupanda, ingawa daktari ameniambia wapo wanaoipata hata bila makovu, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba amekwepa. Uzuri wake, na hili nataka ulisikie mara mbili, ni kwamba mafuta yakiwa mafuta tu yanarudi nyuma. Ini husamehe mapema. Likishapata makovu husamehe kwa shida. Nawab hakupewa nafasi ya kutembea akapungua, alisubiriwa na kisu. Wewe umepewa nafasi hiyo na daktari, mkononi, na umekwenda kuifunika kwa panjiri.

Na huyo Baba yako mdogo Yaqub, mwambieni maini hayaulizi mtu anaswali wapi. Wapo wanaougua kwa pombe, wapo kwa homa za ini, wapo kwa samli, na hata yule aliyekunywa anahitaji dawa kabla ya mahubiri. Ulimjibu vizuri kuhusu beberu. Ungekuwa na ujasiri uleule kwako mwenyewe nisingekuwa nasoma barua hii.

Sasa tuje kwenye kosa lako, na usiinamishe kichwa, nisikilize. Unadhani umedanganya kuhusu foleni. Ulichofanya ni kumweka baba yako asubiri mtu ambaye hajaanza safari. Uvimbe ule ni mdogo leo. Mpango wote wa madaktari umesimama juu ya neno hilo, mdogo, na wao wanajitahidi kuuzuia huku wakiamini kwamba wewe huku nyumbani unapungua. Wewe unaongezeka. Ukoo mzima umetulia kwa sababu pehlwan alijipiga paja, hakuna anayetafuta mwingine, hakuna anayeuliza. Ndugu yangu, heshima yako imekalia kiti cha mgonjwa.

Umeandika kwamba Munazza alipoambiwa aketi ulifurahi kidogo. Mstari huo niliurudia. Nakushukuru kwa kuuandika, kwa sababu wengi wangeuruka, lakini hiyo furaha kidogo inaweza kumgharimu baba yako maisha. Daktari alikuambia ukiwa na ndugu mwingine uende naye. Unaye. Ni mwembamba, anatembea kila siku, damu yake inalingana, na alisimama bila kujipiga paja.

Sisemi Munazza lazima atoe. Kukatwa ini ni upasuaji mkubwa, watu wengi hupona vizuri na wachache hupata matatizo, tena wapo ambao hawakuamka, na asiyemwambia hivyo anamdanganya. Ninachosema ni kwamba apimwe, akae na daktari peke yake bila baba, bila mama, bila wewe, aambiwe yote, kisha aseme ndiyo au hapana kwa kinywa chake, na akisema hapana mtu asimnunie. Wakwe waambiwe mapema. Kama kovu la binti aliyemwokoa baba yake litawakimbiza, heri wakimbie kabla ya kadi za harusi.

Kuhusu baba kutopokea kwa binti, mila hiyo naijua, hata baba yangu aliishika, alikuja kwangu akiwa na chakula chake mwenyewe kwenye kikopo na mimi nikilia jikoni. Naiheshimu. Lakini mpelekee Baba neno hili, na umwambie limetoka kwa mwanamke aliyezeeka: ini la Munazza alilitoa nani? Ni yeye na mkewe. Binti hampi chochote kipya. Anamrudishia kidogo katika alichopewa.

Utaanza leo, usingoje Jumapili. Mpigie Daktari Mehreen umwambie uzito umepanda, atakukaripia, vumilia. Halafu ingia chumbani kwa Baba ufunge mlango umwambie picha yako ilionyesha nini. Atakasirika, na huenda atasema hataki ini la mtu. Mwache aseme. Kisha mwombe akusimamie kama alivyokusimamia zamani ukiwa kijana kwenye udongo, akuhesabie mizunguko ya uwanja kutoka kwenye kiti chake. Unasema kinachomtuliza ni kuona bakuli lako tupu; mpe kitu kingine cha kutazama. Mtu aliyefundisha mieleka maisha yake yote hawezi kumkatalia mwanafunzi, hata akiwa mgonjwa.

Mambo ya kwenda mbali kujinyima kwa siri yafute. Kujinyima kwa pupa huumiza ini, na wale waganga wenye unga wa kusafisha ini uwapite kama huwaoni, unga mwingine umepeleka watu hospitali. Kula chapati kavu, dengu bila samli juu, mboga, matunda, kuku asiye na ngozi. Chai bila sukari, utazoea. Tembea mpaka goti lilalamike, kisha mwulize daktari. Na usifanye hivyo kwa ajili ya picha moja ya tumbo halafu urudi kwenye sufuria. Hata ikiwa Munazza ndiye atakayetoa, hata ikiwa hakuna atakayetoa, wewe una mabinti wawili, na sitaki siku moja mmoja wao asimame mbele ya ukoo wenu kwa ajili yako, aambiwe aketi.

Amebaki Mama.

Uliniomba jina lako nisilisome, sikulisoma. Lakini mtu asiyetaka mama yake asikie haandiki kwenye kipindi ambacho mama yake hajakikosa hata wiki ya msiba wa bibi, wala haelezi redio iko juu ya kabati gani, wala hataji beberu aliyelelewa na mama huyohuyo kwa mkono wake. Ulimwandikia yeye, ukapitishia kwangu. Sawa, hiyo ni kazi yangu, nimeipokea.

Basi wewe, dada yangu unayekanda unga. Najua umeacha kukanda tangu nilipotaja beberu. Futa mikono, kaa chini. Mwanao hakukudanganya kwa dharau. Alishindwa kuvumilia machozi yako, na alitaka awe yeye wa kumwokoa baba yake. Hukukosea kwa kumpenda. Ulifanya kile mama zetu walitufundisha, kwamba anayekwenda kwenye jambo zito ashibishwe kwanza. Ila ini lile ni la wawili. Kijiko unachomtilia mwanao, unamtilia mumeo palepale alipougulia, na kila bakuli analomaliza linawaweka wote wawili mbali na daktari. Ulimwambia anakula kwa ajili ya baba yake. Sasa ni zamu ya kumwambia aache kula kwa ajili ya baba yake, na alisikie neno hilo kutoka kwako, maana kwa mwingine hatakubali.

Hiyo panjiri iliyobaki usiitupe, mtaani hapakosi mzazi aliyetoka kujifungua, mpelekee. Kopo la samli lishushe kutoka kwenye kabati. Kisha mwite mwanao. Sidhani kama leo amekwenda karakana. Nadhani amesimama nyuma ya mlango anakusikiliza unavyonisikiliza. Usimkaripie, nimeshamkaripia mimi. Mkalishe, mwekee kidogo, na akikuambia ameshiba, dada yangu, kwa mara ya kwanza tangu umzae, mwamini.